Mafua, homa na kikohozi: familia za Mwanza ziende kituoni wakati gani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali tunayoulizwa sisi wahudumu wa afya dirishani, kwenye daladala na hata msibani. Mtoto anachuruzika kamasi, mzee anakohoa usiku kucha, je, tufunge safari au tungoje? Majibu yameandikwa kwa ajili ya watu wa Nyamagana, Ilemela, Magu, Misungwi, Sengerema na visiwani, ambako mafua yana jirani yake malaria, na ambako njia ya kituoni inaweza kuanzia juu ya mwamba au ng'ambo ya maji. Mhudumu akishamwona mgonjwa wako, fuata maelekezo yake kuliko ya ukurasa huu.

Mtoto ana mafua na kikohozi tangu juzi. Nimpeleke leo?

Kama hana homa, anacheza, anakula au ananyonya hata kwa kudeka, na anapumua bila shida, mkae nyumbani. Mafua ya kawaida huisha yenyewe ndani ya siku 7 hadi 10, na kikohozi huweza kuchelewa kidogo nyuma yake. Hakuna sindano wala sharubati inayofupisha siku hizo. Utakachopata kwenye benchi letu siku ya Jumatatu asubuhi ni virusi vya watoto wengine.

Kama ana homa, jibu ni jingine kabisa.

Mwili umechemka, lakini kamasi zinaonekana kabisa kuwa ni mafua. Kwa nini mnang'ang'ania kipimo cha malaria?

Kwa sababu kamasi hazimkingi mtoto na malaria. Anaweza kuwa na vyote viwili kwa siku moja, na kwa macho hakuna anayeweza kuvitenganisha, hata daktari wa miaka mingi. Kanda ya Ziwa ni kati ya maeneo ya Tanzania yenye malaria nyingi, na huongezeka mvua zinaponyesha, wakati uleule ambao watu wanabanana ndani na kuambukizana mafua.

Kwa hiyo mtoto wa chini ya miaka 5 mwenye homa apimwe siku hiyohiyo, au angalau ndani ya saa 24 tangu homa ianze. Kipimo cha haraka ni tone la damu kidoleni na majibu hutoka ndani ya nusu saa. Hata zahanati ndogo inacho.

Kuna makosa mawili tunayaona sana. La kwanza ni mzazi kumpa mtoto dawa mseto ya malaria nyumbani bila kupima, dozi nusu iliyobaki ya kaka yake, kisha kuja siku ya nne mtoto ameshaishiwa nguvu. La pili ni kukataa majibu. Kipimo kikisema hakuna malaria, usiende kununua dawa ya malaria kwa kuwa "moyo wako unakuambia". Homa ina chanzo kingine, na muda wa kukitafuta ndio unaopotea. Na kikisema malaria ipo, usisahau kutaja kikohozi. Malaria na nimonia hukaa pamoja kwenye mwili mmoja bila kugombana.

Nitajuaje kuwa si mafua tena bali ni nimonia?

Hesabu pumzi. Ni jambo ambalo mama yeyote mwenye simu anaweza kulifanya, na linatusaidia kuliko maelezo marefu ya rangi ya makohozi.

Subiri mtoto atulie, asiwe analia wala ananyonya. Akiwa amelala ni vizuri zaidi. Mfunue fulana, weka simu ihesabu dakika moja nzima, halafu hesabu kila mara tumbo au kifua kinapopanda. Usihesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili, watoto wadogo hupumua kwa vipindi na utadanganyika. Kichanga wa chini ya miezi 2 akifika pumzi 60 au zaidi, anapumua haraka. Kuanzia miezi 2 hadi kabla ya mwaka mmoja, kikomo ni 50. Kuanzia mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5, ni 40. Ukipata namba iliyofika hapo, tulia, rudia kuhesabu. Ikiwa ni ileile, vaa kanga mwende.

Kisha tazama chini ya mbavu. Mtoto anapovuta hewa, sehemu hiyo inatakiwa kutoka nje. Ikibonyea kwenda ndani kila pumzi, usingoje kukuche. Vilevile akitoa sauti ya mkwaruzo wakati wa kuvuta hewa ilhali ametulia, akiguna kila anapotoa pumzi, au midomo na ulimi vikibadilika rangi kuwa vya bluu au kijivu. Kwa mtoto mweusi kama wetu, angalia ndani ya mdomo na kwenye fizi, ngozi ya nje inaficha.

Kuna dalili nne nyingine ambazo hazihusu kifua lakini zina uzito uleule, kwa ugonjwa wowote: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila anachomeza, amepata degedege, au amelegea kiasi kwamba haamki vizuri ukimwita. Moja tu kati ya hizo inatosha.

Kipimajoto kimesoma 39. Si hatari hiyo?

Namba yenyewe haitutishi kama unavyodhani. Mtoto wa miaka 3 mwenye 39 anayeomba maji na kugombania simu ana hali nzuri kuliko mwenye 38 aliyelala tu na hataki chochote. Mpime malaria, mpe dawa ya homa, mwangalie. Mtazame tena homa ikishuka. Akichangamka, tulia kidogo. Homa ikishuka naye akabaki vilevile amelegea, hapo ndipo pa kuogopa.

Na kichanga?

Kichanga wa chini ya miezi 2 hana "mafua tu". Joto la 37.5 au zaidi, mwili kuwa wa baridi isivyo kawaida, au kupunguza kunyonya ghafla, yote ni safari ya sasa hivi, hata saa nane ya usiku. Usimpe paracetamol kwanza ili "tuone". Ukiishusha homa njiani, unamnyima daktari dalili. Kwa usafiri wa dharura wa mjamzito, mama aliyejifungua karibuni na mtoto mchanga, kuna namba ya bure ya m-mama, 115.

Kama pua tu imeziba na ananyonya kwa kukatizakatiza, matone ya maji ya chumvi ya dukani puani kabla ya kunyonya yanasaidia. Usimnyonye pua kwa mdomo. Bibi zetu walifanya hivyo kwa upendo, lakini virusi havijali upendo.

Amepata degedege. Mama mkwe anataka tumpeleke kwanza kwa mtaalamu wa kienyeji.

Mkubalie mama mkwe kwa heshima kwamba mtazungumza mkirudi. Kwanza ni hospitali. Mlaze mtoto ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, usimtie kijiko, kidole wala dawa mdomoni, usimmwagie maji, usimfukizie moshi. Angalia saa. Degedege lililopita dakika 5 au linalorudi bila mtoto kuzinduka katikati ni dharura ya juu kabisa. Hata lililoisha lenyewe lazima lichunguzwe. Homa ya kawaida huweza kuleta degedege kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 na isiache madhara, lakini malaria kali na homa ya uti wa mgongo huja na sura hiyohiyo.

Mtoto wangu ana selimundu (sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi). Sheria ni zilezile?

Hapana, na swali hili huku kwetu lina uzito wake, kwa sababu Kanda ya Ziwa ina watoto wengi wenye selimundu kuliko sehemu nyingi za nchi. Bandama ya mtoto huyu haifanyi kazi sawasawa, hivyo bakteria wakiingia kwenye damu wanasambaa haraka. Homa ya 38 ni safari ya siku hiyohiyo, na afadhali hospitali kuliko zahanati. Kikohozi pamoja na maumivu ya kifua au kupumua kwa shida ni dharura, hata kama homa haipo. Mpe maji mengi njiani, mfunike asipigwe na baridi ya ziwani, na mwambie mtu wa mapokezi neno "selimundu" kabla hujasema jingine. Dawa zake za kila siku zisikatwe kwa sababu ya mafua.

Mimi ni mjamzito na nina mafua makali.

Njoo mapema, usijikaze. Homa ya mafua (influenza) humwelemea mjamzito kuliko wanawake wengine, na hali hiyo huendelea hadi wiki mbili baada ya kujifungua. Malaria nayo inamwonea mjamzito. Homa yoyote ipimwe siku hiyo. Nyumbani unaweza kutumia paracetamol kwa kipimo kilichoandikwa. Epuka diclofenac na ibuprofen, hasa mimba ikishapita nusu ya safari. Mtoto akipunguza kucheza tumboni, acha mambo ya mafua, nenda wodi ya wazazi.

Babu hana homa ila amekuwa anachanganya maneno tangu alipoanza kukohoa.

Mpelekeni. Wazee wengi hawapandi joto hata kifua kikiwa kimejaa maambukizi. Dalili yao ni kuchanganyikiwa, kukataa chakula, kuanguka, au kulala mchana kutwa. Watu husema "ni uzee tu" na siku zinakatika. Mzee mwenye presha asinunuliwe vidonge vya kuzibua pua bila kumwambia muuza dawa kuhusu presha, vingine huipandisha.

Mimi mtu mzima mwenye afya yangu, ni lini nije?

Homa, ipime malaria. Zaidi ya hapo, pumzika, kunywa maji, utapona ndani ya wiki. Njoo ukishindwa kupumua, ukiumwa kifua, ukikohoa damu, ukizimia, au ukishindwa kusimama. Kuna moja watu hawaijui: ulipata nafuu siku mbili tatu, ukarudi kazini Mwaloni, kisha homa ikarudi kwa nguvu na kikohozi kibaya zaidi. Hiyo mara nyingi ni nimonia ya bakteria iliyoingia mafua yakiwa yamebomoa mlango. Usiisubiri.

Wenye kisukari, pumu, ugonjwa wa moyo au figo, na wanaoishi na VVU waje mapema zaidi, ndani ya siku mbili za mwanzo. Kuna dawa ya kupambana na virusi vya homa ya mafua, lakini haipatikani kila mahali na hufanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya saa 48. ARV zisiachwe hata siku moja.

Nisinunue tu amoxi (amoxicillin, dawa ya kuua bakteria) duka la dawa, niepuke foleni?

Mafua ni virusi, na amoxi haiui virusi. Utaharisha, utapoteza hela, na bakteria wako watajifunza kuizoea. Siku utakapopata nimonia ya kweli, dawa rahisi itakuwa imegoma. Wakati huohuo mtoto mwenye nimonia anaihitaji amoxi, kwa uzito wake na kwa siku zote alizoandikiwa. Ndiyo maana tunataka kumwona kwanza.

Duka la dawa muhimu lina kazi yake: paracetamol, chumvi chumvi za kuongeza maji mwilini, matone ya pua. Ila sindano ya "kushusha homa haraka" msiiombe. Hatukatai kwa ubahili. Homa iliyoshushwa kwa sindano inarudi ileile, na sindano huweza kuacha majipu.

Paracetamol, kiasi gani?

Kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 10 hupata takribani mililita 5 za sharubati ya miligramu 120 kwa mililita 5, ambayo ndiyo ya kawaida madukani. Soma chupa, zipo zenye nguvu tofauti. Dawa nyingi za mafua za mchanganyiko tayari zina paracetamol ndani, ukiongeza nyingine unaumiza ini. Aspirini asipewe mtoto. Sharubati za mafua na kikohozi kwa walio chini ya miaka 6 siziungi mkono hata kidogo, zinamlaza mzazi zaidi ya kumponya mtoto.

Tangawizi, asali, kujifukiza?

Asali kijiko kimoja cha chai usiku inatuliza kikohozi, ila kamwe kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, inaweza kumletea sumu ya kupooza misuli. Tangawizi na ndimu kwa mkubwa, kunywa. Kumfunika mtoto blanketi juu ya sufuria ya maji yanayochemka, hapana. Tumetibu vidonda vya moto vya namna hiyo, na vilichukua muda mrefu kupona kuliko mafua yaliyokuwapo.

Moshi ni jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Kama unapikia kuni au mkaa ndani, au mnakausha samaki kwa moshi karibu na chumba, mtoto mwenye kikohozi akalale upande mwingine.

Kikohozi hakiishi, nimeambiwa akatwe kimeo.

Msimkate. Kimeo hakisababishi kikohozi. Kinaonekana kirefu kwa sababu koo limevimba, au kwa sababu leo ndiyo mara ya kwanza mtu amemulika tochi. Watoto huletwa wakiwa wametoka damu hadi wamepauka, wengine wakiwa na maambukizi kutokana na wembe. Hali kadhalika kung'oa "meno ya nailoni" (machipukizi ya meno yaliyo bado kwenye fizi) kwa kichanga mwenye homa, na kuchanja chale kifuani kwa ajili ya kichomi. Kichomi hicho ndicho nimonia, na dawa yake ipo kituoni.

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, kwa mtu yeyote, ni kipimo cha makohozi. Kifua kikuu kinapimwa na kutibiwa bure katika vituo vya serikali, na tiba ya kawaida ni miezi 6. Kama kuna mtu nyumbani anayetibiwa kifua kikuu, mtoto aletwe hata kabla ya wiki mbili kutimia.

Niende wapi? Zahanati, Sekou Toure au Bugando?

Kwa homa na kikohozi, anza na kilicho karibu. Huhitaji miadi popote, unafika, unaandikishwa, unaonwa. Zahanati nyingi hufanya kazi saa za serikali, saa 1:30 asubuhi hadi 9:30 alasiri. Usiku tafuta kituo cha afya chenye wodi ya wazazi au hospitali ya wilaya. Sekou Toure ni rufaa ya mkoa, na Bugando ni rufaa ya kanda nzima, inayopokea wagonjwa wa mikoa mingine pia. Ukienda Bugando na kamasi utakaa sana, na kwa haki. Lakini mtoto aliyebonyea kifua au asiyeamka apelekwe hospitali iliyo karibu zaidi yenye oksijeni. Dharura haisubiri barua ya rufaa.

Mnaokaa juu ya miamba ya Igogo, Mabatini au Isamilo, hesabuni na muda wa kushuka. Bodaboda haifiki kila mlango, na kumbeba mtu mzima kwa ngazi za mawe gizani kunahitaji vijana wanne. Amueni kukiwa bado na mwanga.

Tuko kisiwani, au kwenye dago (kambi ya wavuvi).

Punguzeni subira yenu. Mtu wa Nyakato anaweza kusema "tuone asubuhi" kwa sababu kituo kiko dakika kumi kutoka kwake. Wewe uliye Ukara, Kome au dago lisilo na zahanati, mtoto akianza kupumua haraka saa tisa alasiri, vukeni jioni hiyo ziwa likiwa limetulia. Usiku upepo ukigeuka hakuna nahodha mwenye akili atakayetoa mtumbwi. Mvalisheni mtoto boya, naye anayembeba. Kila dago liwe na kipimajoto, paracetamol, chumvi chumvi na namba ya mwenye boti. Hata matajiri wa mitumbwi hawawezi kushindwa hilo. Upande wa Sengerema na Geita mambo yamekuwa rahisi tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, gari la mgonjwa halingoji tena kivuko.

Nikifika nifanye nini ili nisikae foleni na mtoto mahututi?

Sema. Usikae kimya kwa adabu. Nenda kwa nesi aliye karibu, mwambie: "Dada, mtoto wangu anapumua haraka, nimehesabu 56," au "hanyonyi tangu asubuhi." Mwenye dalili ya hatari hupita mbele, na walioko mbele yako wataelewa. Omba apimwe oksijeni kwa kile kifaa cha kidoleni. Njoo na kadi ya kliniki, na dawa zote alizokwishatumia, hata zile mnazoona aibu kuzionyesha. Hatugombi. Kama pamoja na mafua ana macho mekundu na upele unaoanzia usoni, sema mlangoni kabla ya kukaa na wenzako, huenda ni surua.

Nina elfu tano tu.

Njoo. Kwa sera ya serikali, watoto wa chini ya miaka 5, wajawazito, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wana msamaha katika vituo vya umma. Ila dawa ikiwa imekwisha dirishani utaelekezwa duka la nje, kwa hiyo hiyo elfu tano ibebe. Ukikwama, omba kumwona afisa ustawi wa jamii.

Kuna chanjo?

Chanjo ya homa ya mafua haimo kwenye ratiba ya kawaida ya watoto wetu. Zilizomo zinakinga yale ambayo mafua huyafungulia njia: ya nimonia hutolewa wiki ya 6, 10 na 14, na ya surua na rubela miezi 9 na 18. Kama mlikosa moja, njooni nayo kadi, hamtafokewa.

Tumeshapewa dawa. Turudi lini?

Mwenye nimonia arudi siku ya tatu aonekane tena, hata kama amechangamka. Homa ikiendelea siku ya tatu, rudi. Akishindwa kunywa au akizidiwa, rudi saa hiyohiyo.

Shule je?

Akae nyumbani hadi saa 24 zipite bila homa na bila dawa ya homa. Kikohozi kidogo kilichobaki hakimzuii.

Naweza kuandikiwa ED (cheti cha kupumzika kazi kwa ugonjwa) niwahi kumpa bosi?

Ukija mwenyewe na daktari akakuona, ndiyo. Kwa simu, au kwa kumtuma shemeji na kadi yako, hapana.